Kabla Hujaniambia "Weka Kwa Klaudi", Piga Hesabu Kwanza

Watu wangu, kuna ushauri mmoja nimechoka nao. Ukienda semina yoyote ya vijana wa dijitali huku Kakamega, lazima mtu asimame na slaidi zake safi aseme: "Hakikisha kazi zako zote ziko kwa klaudi." Tunapiga makofi, chai na mandazi zinaletwa, tunarudi nyumbani. Hakuna anayeuliza swali la maana: zitafika huko kwa klaudi saa ngapi?

Mimi sina ugomvi na klaudi, naitumia. Ugomvi wangu ni na ushauri usio na namba. Mtu anayeishi mahali fiba imefika mpaka mlangoni anamwambia mtu wa Musanda afanye vile yeye hufanya, na anasahau kwamba kati yetu na hiyo klaudi kuna bomba, na bomba lina kipenyo chake.

Chukua kazi ya kawaida ya huku kwetu, mazishi ya Jumamosi. Kamera mbili, kila moja na kadi ya GB 64, na kufikia jioni wazee wakimaliza kuongea zote mbili zimejaa. Hiyo ni GB 128. Laini yangu nimeipima mara nyingi, saa mbili usiku, nikiwa hapa nyumbani, na upande wa kupakia napata Mbps 3. Ikijitahidi sana, 5. Sasa gawanya. Mbps 3 ni megabaiti 0.375 kwa sekunde. GB 128 ni megabaiti 128,000. Jibu ni sekunde 341,333, yaani karibu saa 95. Siku nne kasoro kidogo, mchana na usiku, laptopu ikiwa imewashwa, stima isipotee, bando isiishe, na wewe usiguse hiyo intaneti kwa kitu kingine chochote. Na Jumamosi inayofuata kuna kazi nyingine inakungoja.

Najua kuna mtu amekwama pale 3 ilipogeuka kuwa 0.375. Usijali, hapo ndipo wengi tunaibiwa bila mtu kutuibia. Kampuni za intaneti huuza kasi kwa megabiti. Kompyuta yako, ikiwa inanakili faili, inakuonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Ndiyo maana kwa matangazo b ni ndogo, na kwa faili zako B ni kubwa. Kwa hivyo ukiuziwa Mbps 10, usitarajie faili la megabaiti 10 lishuke kwa sekunde moja. Litachukua sekunde nane, na kwa ukweli zaidi kidogo, kwa sababu sehemu ya ile njia inabeba anwani na stakabadhi za safari, si mzigo wako peke yake. Mimi chuo sikumaliza, lakini kugawanya kwa nane nilifundishwa shule ya msingi. Haya si mambo ya digrii.

Halafu kuna jambo la pili ambalo matangazo hayasemi kwa sauti. Ile namba kubwa ni ya kupakua. Kupakia ni habari tofauti. Mitandao ya simu, na hata vifurushi vingi vya nyumbani, imepangwa kwa mtu anayetazama, si mtu anayetengeneza. Mtazamaji anavuta video kutoka huko, anarudisha "like" na kimaneno kidogo. Basi njia ya kuja wamepanua, ya kwenda wameiacha kama ya ng'ombe. Juu ya hiyo, mnara una mitambo yenye nguvu na antena kubwa, simu yako ina redio ndogo inayokula betri ndogo. Mnara unakufikia vizuri, wewe kuufikia ndio kazi. Ukikaa mbali nao, au nyumba ikiwa na mabati na kuta nene, anayeumia kwanza ni kupakia.

Na mnara huo si wako peke yako. Saa mbili usiku kila mtu amemaliza kula, yuko TikTok, yuko mpira. Kasi ya njia hiyo mnagawana. Pima tena saa kumi alfajiri utashangaa, unaweza kudhani umehama kaunti.

Mbona nakazana hivi? Kwa sababu nimeona kitu.

Kuna mama mmoja wa upande wa huku kwetu alifiwa na mume. Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi hii, si mimi, ndiye alirekodi mazishi. Nyinyi mnaotoka huku mnajua, mazishi si nyimbo na maua tu. Watu wanasimama mbele ya kaburi na mbele ya wazee, wanasema nani alikuwa akidaiwa na nani, ng'ombe gani ni wa nani, shamba linaishia wapi. Siku hiyo shemeji wa yule mama alisimama na maikrofoni, akasema mbele ya kijiji kizima kwamba kile kipande cha chini karibu na mto ni cha huyu mama na watoto wake, na hakuna atakayekigusa. Watu wakapiga makofi. Kamera ilikuwa inawaka.

Jamaa yangu akafanya vile semina ilimfundisha. Akahamisha kila kitu kwa laptopu, akafuta kadi kwa sababu Jumapili alikuwa na harusi, akaanza kupakia kwa klaudi. Baada ya siku mbili ilikuwa haijafika nusu. Usiku wa tatu laptopu ikaibiwa.

Miezi ikapita, shemeji akabadilisha lugha. Kesi ikaenda kwa chifu. Mama akaja kuomba video. Jamaa akafungua ile akaunti kwa simu, na kweli kulikuwa na mafaili. Lakini programu ilikuwa inapakia kwa mpangilio wa saa, faili la kwanza kwanza. Kwa hivyo kilichofika ni asubuhi yote: kwaya, mwili ukitolewa nyumbani, watu wakipakuliwa chakula. Wazee waliongea mchana. Mchana haukufika.

Mama alimwangalia akamuuliza, "Mwanangu, si ulisema iko hewani?"

Hakuna aliyemdanganya. Kweli ilikuwa njiani kuelekea hewani. Ila hakuna mtu aliyekuwa amekaa chini kugawanya GB 128 kwa 0.375. Angegawanya, angejua kwamba ana siku nne za hatari, na katika hizo siku nne angefanya jambo tofauti: asifute kadi, au anunue kadi nyingine, au aanze kupakia yale maneno ya wazee peke yake, yaliyokuwa labda GB 6. GB 6 kwa Mbps 3 ni saa nne na nusu. Hiyo ingemalizika kabla ya alfajiri ya Jumapili.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwa sababu klaudi ni nusu tu ya hadithi. Wengi wenu mna saiba, au mnasaidia shule, au sako, na mnafanya bakapu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao wa humo ndani. Hapo intaneti haihusiki kabisa, na bado watu wanalia kwamba ni polepole.

Wazazi wetu waliokuwa wakipeleka miwa Mumias wataelewa hili haraka kuliko fundi yeyote. Enzi kiwanda kikisaga kwa nguvu zote, hata kama umeajiri wakataji hamsini na trekta kumi, muda wako wote unaishia kwa foleni ya mizani. Mizani ndiyo inaamua tani ngapi zitaingia leo. Ukiongeza wakataji, umeongeza foleni tu. Bakapu ni hivyo hivyo. Data inatoka kwa diski, inapita waya, inaingia swichi, inapita waya mwingine au hewa, inaandikwa kwa diski ya pili. Yule aliye polepole kuliko wote ndiye kasi yako. Wengine wote wanamsubiri.

Rafiki yangu ana saiba hapa karibu. Alikuwa na GB 400 za kazi za watu: skani za hati, vitabu vya hesabu vya vyama, picha za pasipoti za miaka, nyaraka za walimu. Akataka kuzinakili kwa kompyuta ya pili. Akaanza kwa wai-fai. Kijidirisha kikamwambia MB 6 kwa sekunde. GB 400 kwa mwendo huo ni saa 18 na nusu. Akaanza kulaani ruta, ati imeandikwa 300 kwa boksi. Ndiyo, imeandikwa Mbps 300, lakini hiyo ni kasi ya maabara, hakuna ukuta, hakuna jirani. Wai-fai ni kama redio kol: mmoja akiongea wengine wananyamaza. Na kwa sababu kompyuta zote mbili zilikuwa kwa wai-fai, kila baiti ilipita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwa ruta, kisha kutoka kwa ruta. Hapo tayari kasi umekata nusu kabla hata simu za wateja hazijaanza kutazama YouTube.

Tukamwambia aweke waya. Akaweka. Ikapanda hadi MB 11, ikagoma hapo. Haiendi 12, haishuki 10. Ukiona namba inagonga dari hivyo bila kutikisika, jua umefika kwa mizani. MB 11 na kitu ni harufu ya Mbps 100. Gawanya mia kwa nane upate 12.5, toa stakabadhi za safari, unabaki na hapo. Kompyuta zake zote zilikuwa za gigabiti, yaani mara kumi ya hiyo, ila swichi iliyokuwa katikati ilikuwa ya zamani, ya mia. Saa kumi badala ya moja, kwa sababu ya kaboksi kalichofunikwa na vumbi chini ya meza.

Akapata swichi ya gigabiti ya mtumba. Bado 11! Hapo nusura arudi kwa wai-fai kwa hasira. Tatizo lilikuwa waya. Ndani ya huo waya kuna nyuzi nane, na gigabiti inazitaka zote nane. Mbps 100 inaridhika na nne. Uzi mmoja ukikatika, au fundi akibana kichwa vibaya, mitambo haikupigii kelele. Inashuka kimya kimya hadi mia na kuendelea kufanya kazi. Tulibana vichwa upya na kasi ikaruka.

Ikaruka, lakini hadi 35 tu. Nilicheka sana siku hiyo. Diski ya nje ya kupokelea ilikuwa imechomekwa kwa tundu la zamani la USB 2. Kwa karatasi USB 2 ni Mbps 480, ambayo ni MB 60, lakini kwa maisha ya kawaida inakupa thelathini na kitu. Akahamisha kwa tundu lingine, lile la buluu ndani, na hatimaye ikasimama kwa MB 105 hivi. Pale mizani ilikuwa diski yenyewe, ile ya kuzunguka, na hiyo huwezi kuilaumu, ndiyo kasi ya chuma. GB 400 zikaisha kwa saa moja na dakika chache.

Angalia alichotumia: swichi ya mtumba, vichwa viwili vya waya, na kubadilisha tundu. Angesikiliza watu wa mjini angekuwa amenunua kompyuta mpya.

Kuna mtego mwingine ambao unafanya watu wadhani kompyuta ina virusi. Unanakili video moja ya GB 20, kasi ni 100, maisha ni mazuri. Kisha inafika folda ya picha ndogo ndogo elfu arobaini, kasi inaanguka hadi 2. Hakuna kilichoharibika. Kila faili lina taratibu zake: lifunguliwe, jina liandikwe, nafasi itafutwe, lifungwe, linalofuata liingie. Ni kama kuingia kwa matanga. Kama ni watu watatu unawasalimia kwa dakika. Kama ni watu mia nne na kila mmoja lazima umpe mkono, umwambie mulembe, uulize habari za watoto, jua litazama kabla hujakaa. Dawa yake ni kuyafunga mafaili madogo yote kwa faili moja kubwa la zipu kabla ya kuyapitisha kwa mtandao. Unasalimia mara moja kwa niaba ya wote.

Na tafadhali, zile fleshi za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya sahani ya ugali na samaki. Hakuna TB 2 humo ndani. Kifaa kimefundishwa kudanganya kompyuta. Utaweka mafaili, majina utayaona, lakini ikishajaa kiasi chake cha kweli inaanza kuandika juu ya yale ya zamani. Utagundua siku unayahitaji. Ukinunua diski, ijaze yote siku ya kwanza, kisha fungua mafaili ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Ikishindwa, irudishe kabla muuzaji hajakusahau.

Turudi kwa klaudi sasa tukiwa na akili ya mizani. Je, mtu wa Musanda aiache kabisa? Hapana. Ajue inafaa nini. Kosa ni kudhani kila usiku lazima upeleke kila kitu. Bakapu ya kwanza ndiyo nzito, inayofuata ni ya vilivyobadilika tu. Programu nzuri ya bakapu inalinganisha, inaona hili limeshafika, inapeleka jipya peke yake. Yule rafiki yangu wa saiba, kazi mpya za siku nzima hazifiki hata GB 2. GB 2 kwa Mbps 3 ni saa moja na nusu. Anaiwekea saa tisa usiku, wakati mnara umelala, asubuhi imeisha. Hiyo inawezekana kabisa. Kile kisichowezekana ni kuanza na GB 400 kutoka sufuri kwa laini ya simu. Siku kumi na mbili hizo, na nimehesabu kana kwamba stima haipotei Musanda. Programu yako pia lazima ijue kuendelea ilipoachia. Kama ikikatika kwa 70% inarudi 0%, ifute leo.

Watu wakubwa pia wanashindwa na hesabu hii, msidhani ni ushamba wetu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka kwa kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, kule Daejeon. Kulikuwa na mfumo ambamo wafanyakazi wa serikali walikuwa wakiweka mafaili yao ya kazi, terabaiti 858. Uliteketea, na haukuwa na bakapu ya nje. Sababu iliyotolewa ni kwamba ulikuwa mkubwa mno kuwekewa bakapu. Korea Kusini, jamani, nchi ambayo sisi tunaitamani intaneti yake! Nikapiga hesabu yangu: TB 858 kwa njia ya gigabiti moja iliyojaa ni siku 79. Kwa gigabiti kumi ni siku nane. Ni nyingi, lakini serikali ina siku nane. Ninavyoona mimi, "kubwa mno" ni neno la mtu ambaye hajataka kuanza.

Na usidhani kuweka bakapu kwa kampuni ya nje kunamaliza kila kitu. Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na kuna wateja waligundua kwamba nakala zao na kazi zenyewe zilikuwa mahali pamoja. Klaudi ni kompyuta ya mtu, iko ndani ya jengo, na jengo linaungua kama jengo lingine lolote.

Kisha kuna njia ya kufika huko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikakumbuka kwamba intaneti yetu inapita chini ya maji. Februari ya mwaka huo huo nyaya nyingine zilikuwa zimeshakatika Bahari ya Shamu. Ukiwa na bakapu yako Ulaya peke yake, wiki kama hiyo ndiyo utajua kurudisha data ni kazi tofauti na kuipeleka.

Kurudisha ndilo swali ambalo watu wa semina hawaligusi kabisa. Tuseme GB 128 zako zilifika salama. Mteja anazitaka kesho. Unapakua kwa Mbps 8, ambayo ni megabaiti moja kwa sekunde. Saa 35 na nusu. Na bando ya GB 128 nani analipa?

Mwaka 2009, mwezi Septemba, kampuni moja ya Afrika Kusini iliyokuwa imechoshwa na intaneti yake ilimfunga njiwa anayeitwa Winston kikadi cha GB 4 mguuni, akarushwa kuelekea karibu na Durban, umbali wa kilomita 80 hivi. Njiwa alitumia saa moja na dakika nane. Wakaongeza muda wa kunakili kadi, jumla ikawa saa mbili na dakika chache. Muda huo laini ya intaneti ilikuwa imefikisha asilimia 4. Dunia nzima ilicheka. Mimi sikucheka, nilitoa kalamu.

Matatu kutoka Mumias hadi Kakamega mjini, tuseme saa moja. Weka diski ya TB 1 kwa begi. Megabaiti milioni moja kwa sekunde 3,600 ni MB 277 kwa sekunde, yaani Mbps 2,200. Hiyo matatu, na kondakta wake akining'inia mlangoni, inashinda fiba ya nyumbani yoyote ninayoijua. Sawa, wacha niwe mkweli, kuna muda wa kunakili kuingia na kutoka, kama saa mbili na dakika arobaini na tano kila upande. Jumla saa sita na nusu hivi. Bado ni zaidi ya Mbps 330, na hiyo ni kupakia, si kupakua. Nauli unaijua mwenyewe.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu wa teknolojia watanikasirikia. Kwa kijana wa Musanda, au Matungu, au Shianda, bakapu ya kwanza ni diski mbili, si klaudi. Moja inakaa na wewe. Ya pili inakaa nyumba nyingine, si chumba kingine, kwa sababu huku kwetu radi inapiga sana, stima ikirudi inarudi na hasira, na mwizi akiingia hachukui laptopu akaacha diski iliyo kando yake. Klaudi inabaki ya vile vidogo ambavyo ukivipoteza mtu anaumia: maneno ya wazee, hati, hesabu za chama, orodha za shule. Video za kwaya zitaenda na boda.

Ukipeleka diski kwa mtu, ifunge kwa nenosiri. Mafaili ya wateja si yako, na Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019. Diski iliyosahaulika kwa kiti cha matatu ikiwa wazi ni vitambulisho vya kijiji kizima.

Na kwa wale wanaouza intaneti: andikeni kasi ya kupakia kwa bango, kwa herufi sawa na ile nyingine. Sisi si watazamaji tu. Kuna mtu hapa anarekodi, anaskani, anapakia matokeo ya wanafunzi kwa tovuti saa nane usiku kwa sababu mchana haiendi. Wote hao wanaishi upande wa ile njia ya ng'ombe.

Nina ombi moja. Leo saa mbili usiku pima kasi yako ya kupakia, kisha pima tena kesho saa kumi alfajiri ukiamka kwenda haja. Niandikie namba zote mbili na jina la mahali, usiniandikie jina lako. Nataka kuchora ramani ya Mumias Magharibi yote, kijiji kwa kijiji, na semina ijayo nitaingia nayo imechapishwa. Nimeanza na sehemu tatu: hapa sokoni Musanda 3 na 11, juu kidogo upande wa barabara ya Mumias 5 na 14, na kwa shangazi yangu 1 na 4. Huko kwa shangazi ndiko diski yangu ya pili inakaa, ndani ya sanduku la vitenge, na kila mara nikienda kuibadilisha ananiuliza kama hiyo kitu inakula umeme ikiwa imelala.